Toazi Moja si Matoazi

Mimi hakuna kitu kinachoweza kunishangaza tena. Sisemi hivyo kwa majivuno, ingawa majivuno ninayo na nimeyatolea jasho. Shule niliishia darasa la nne, na leo ukishuka pale Mpanda mjini ukauliza mashine ya kukoboa mpunga, utaonyeshwa tatu, zote zangu, na nyumba ya wageni iliyo mbele yake pia yangu. Nimemwona mtu mwenye digrii akiniandikia barua kuomba kazi ya kusimamia mizani. Nimeona ng'ombe mmoja akiuzwa mara mbili kwa siku moja mnadani Kibaoni, na wanunuzi wote wawili wakaja kunywa soda barazani kwangu huku wakitafutana. Kwa hiyo mwaka huu nilipoambiwa kwamba Mwalimu Nestori wa kwaya ya Litapunga amefariki, sikushtuka. Nikatia mafuta gari, nikapakia magunia ya mchele nyuma ili wajue nani amefika, nikaenda kuzika. Tulizika vizuri. Nilichokuta nyuma ya nyumba, jikoni kwa akina mama wa msiba, ndicho kilichonijaza mate mdomoni kama mtu anayetaka kutapika.

Kulikuwa na sufuria la wali wa watu wote wale, limekaa juu ya mafiga, na juu yake, mahali pa mfuniko, wameweka sahani kubwa ya shaba. Imekuwa nyeusi kwa masizi. Katikati imevimba kama kofia ndogo, na kwenye kile kivimbe kuna tundu, na tundu hilo wameliziba kwa gunzi la muhindi. Juu yake makaa ya moto ili wali uive pande zote. Ukingoni mafuta ya miaka na miaka yameganda yakafanya utando wa kahawia, kama ukurutu kwenye kichwa cha mtoto asiyeogeshwa, na nzi mmoja amenasa humo, amekufa zamani. Mama mmoja akaisukuma sahani kwa mwiko, ikateleza, mvuke ukatoka, akaonja wali, akairudisha. Mimi nikasimama palepale na suti yangu. Lile halikuwa mfuniko. Lile lilikuwa toazi langu.

Kwa asiyejua, toazi ni ile sahani ya shaba inayosimama juu ya mguu wa chuma pembeni mwa drams. Mpigaji akiigonga kwa fimbo inatoa sauti ya kumwagika, kama mchele unaomiminwa juu ya bati, halafu sauti ile inakwenda inapungua taratibu. Ngoma zinakuambia mahali pa kukanyaga. Toazi ndilo linalokuinua mguu. Hayo nilikuwa nayajua nikiwa na miaka kumi na tisa, kabla sijajua hata kuhesabu faida.

Mwaka ule kwaya ya Litapunga ilinunua drams kutoka kwenye baa moja ya Mpanda iliyokuwa inafungwa. Zilikuja juu ya lori la tumbaku. Ngoma kubwa ya kupigwa kwa mguu, ngoma ndogo za mkono, na miguu miwili ya chuma ya kusimamishia matoazi. Matoazi yenyewe hayakuwepo, mwenye baa alikwishawauzia watu wa chuma chakavu. Zilinuka bia iliyochacha na mkojo, na ndani ya ile kubwa panya alikuwa amezaa, vitoto vyekundu visivyo na manyoya, vinahangaika kwenye pamba iliyokuwa imewekwa kupunguza mvumo. Akina mama wakachemsha maji wakazisugua kwa sabuni ya unga, mchungaji akaziombea, na bado mvua ikinyesha kanisa zima lilinuka kilabu. Nikachaguliwa kupiga mimi, kwa sababu nilikuwa kibarua kwenye mashine ya kukoboa na mwili wangu ulikwisha kuzoea mdundo wa injini. Mguu ulikuwa unafanya yake na mikono inafanya yake. Wengine wote wakikanyaga kwa mguu, na mikono yao ilikuwa inakanyaga pamoja nao.

Sasa, Pasaka ya mwaka ule makwaya yote yalikuwa yakutane Mpanda kwenye kongamano, na tukaambiwa kwamba atakuja mtu mwenye studio kutoka Mwanza, atachagua kwaya moja, airekodi kanda kwa gharama zake. Wenzangu walikuwa wanaota kusikika redioni. Mimi nilikuwa na hesabu yangu. Nilikwisha kuamua kwamba nikipanda gari la kwenda kurekodi, sirudi. Nitatafuta bendi hukohuko Mwanza na jembe sitalishika tena mpaka nife. Kwangu Pasaka ile ilikuwa mlango, na mlango wenyewe ulikuwa na kitasa kimoja tu: toazi. Drams bila toazi zinasikika kama mtu anayeangusha magunia ghalani. Mwalimu Nestori alilijua hilo. Alikuwa mtu mwembamba, koti moja mwaka mzima, lakini sikio lake lilikuwa kali, akisikia sauti ya tatu imeshuka kidogo tu anamfuata mwenye kosa katikati ya watu anasimama mbele yake mpaka ajirekebishe. Akaniita pembeni akanishika bega. "Katafute matoazi, kijana wangu," akaniambia. "Wewe unasikia. Hawa wengine wanapiga kelele tu."

Nikatafuta. Karibu na soko kulikuwa na duka la vifaa vya shule, na humo kulikuwa na jozi moja ya matoazi ya bendi ya wanafunzi, yale ya kushika mikononi kwa kamba za ngozi na kuyagonganisha. Yalikuwa yanang'aa dhahabu mpaka unajiona meno. Mwenye duka akayagonganisha kwa ajili yangu, na sauti iliyotoka ni ya mhudumu wa hoteli aliyejikwaa na sahani mkononi. Nikapitisha ukucha wa kidole gumba ukingoni, dhahabu ikabanduka, chini yake bati. Bati la kawaida, la kopo. Akaninyang'anya akaniuliza kama nimekuja kununua au kukwangua. Nikaenda kwa fundi bati, akanikatia duara kutoka kwenye kifuniko cha pipa la dizeli na kuligonga liwe na tumbo. Nilipolipiga likasema bwa, likanyamaza, na mkono ukabaki unanuka dizeli mpaka wakati wa kula. Mtu mwingine akaniletea kutoka Kibaoni lile duara la chuma la jembe la trekta. Hilo lililia vizuri kama unataka watoto waingie darasani. Pale mashineni vibarua wenzangu wakapata mchezo. Tukikaa kula, mmoja anainua kifuniko cha sufuria anakigonga kwa kijiko. "Mwanamuziki, sikiliza na hili la maharage," anasema, na wote wanacheka mpaka chakula kinawatoka puani. Ilifika mahali siwezi kusikia bati linagongwa bila kuinuka na kuondoka.

Ndipo nikapelekwa kwa Mzee Songoro, chumba cha uani karibu na stesheni ya treni. Alikuwa amepiga drams kwenye bendi ya dansi Tabora enzi zake, akaja Mpanda na treni kwa sababu ambazo alizibadilisha kila alipozisimulia. Sijawahi kuona chumba kichafu kama kile. Kitanda cha kamba bila shuka, jagi la plastiki lenye ukungu wa kijani, kopo la kutemea ugoro ambalo asubuhi nilimwona akilisuuza na kunywea chai. Na ukutani, kwenye msumari, toazi. Jeusi, kubwa, lina alama za vidole vya watu waliokwisha kufa, na kwenye ukingo mmoja lina ufa mdogo kama ukucha. Akachukua kijiko akaligonga mara moja, na mimi nikasahau harufu. Liliita, halafu likafunguka, halafu likaondoka polepole likipita juu ya kitanda, juu ya jagi, likatoka mlangoni. Mzee Songoro akanitazama akajua kwamba nimenaswa.

Fedha hakutaka. Alitaka mikono. Akaniambia nimlimie majaruba yake ya mpunga bondeni, kuanzia kulima mpaka palizi ya pili, na palizi ikiisha nitalishusha mwenyewe pale ukutani. Nikakubali palepale. Nikawa asubuhi niko bondeni, maji mpaka magotini, ruba wananing'inia kwenye mashavu ya miguu wamevimba damu yangu, mchana nakimbilia mashineni, na jioni napita kwake kula, maana chakula kilikuwa sehemu ya makubaliano. Chakula gani. Dagaa ambao hawakuoshwa, mchanga unalia chini ya meno, na ugali wa jana uliokatwa katwa ukapashwa. Yeye alikula kwa haraka huku akitema, na huku akizungumza kupitia ukutani na mama muuza vitumbua wa chumba cha pili, akimweleza namna wanawake wa Tabora walivyokuwa wakizimia akipiga, na yule mama akimjibu kutoka upande wa pili bila kuacha kukoroga unga wake.

"Walizimia kwa harufu, we mzee," alimwambia siku moja, na hiyo ndiyo ilikuwa jioni pekee niliyocheka katika nyumba ile.

Palizi ya pili ilipokwisha nikalishusha toazi, nikalifunga kwenye gunia la mchele, nikalibeba kwenye baiskeli mpaka Litapunga. Barabara ile ilikuwa ya mashimo, na kila tairi likiingia shimoni lilikuwa linavuma kidogo ndani ya gunia mgongoni kwangu, kama kiumbe kinachoota. Sijawahi kubeba mzigo wenye thamani kama ule, na nimebeba mizigo, nimebeba mpaka vifaa vya mgodi wa watu. Nikaligonga mbele ya Mwalimu Nestori kwenye uwanja wa kanisa. Alifumba macho. Nilimwona kwa macho yangu mwenyewe, alifumba macho na mdomo wake ukaachama, akasubiri mpaka sauti yote ikaisha ndipo akafumbua. Akasema tu kwamba lazima lipite kwenye kamati.

Kamati ya kwaya ilikaa chumba cha nyuma ya kanisa, kwenye benchi za watoto, wakila makande. Mimi nikaambiwa nisubiri nje. Ukuta ulikuwa wa matofali mabichi na dirisha halina kioo, kila neno nilipata. Mmoja akasema ni jeusi, litatutia aibu mbele ya wageni. Mwingine akasema weusi si tatizo, akina mama watalisugua kwa majivu na mchanga. Wa tatu akauliza limetoka wapi, akajibiwa, akasema kwa hiyo limepigiwa wazinzi. Nikasikia vijiko. Halafu katibu, ambaye alikuwa na mwandiko mzuri na ndiyo sifa yake pekee, akasafisha koo.

"Mimi nauliza jambo moja," akasema. "Haya ni mangapi?"

Wakamwambia ni moja.

"Basi. Maandiko yanasema matoazi. Hakuna mahali panaposema toazi. Toazi moja si matoazi."

Nikasikia vijiko vikiwekwa chini, kama watu waliofunuliwa kitu kikubwa. Nilingoja sauti ya Mwalimu Nestori. Nilijua sasa atasema, maana yeye amesikia. Badala yake ikaja sauti ya mjumbe mwingine, anauliza kwa upole kabisa, kama mtu anayetaka kusaidia, kwa nini lisipelekwe kwa fundi wa kuchomelea likakatwa katikati, yatakuwa mawili, na ule ufa utakuwa umeondoka. Wengine wakaanza kuguna kukubali. Nikaingia. Sikubisha hodi. Nikawaambia kama kuna kukata, waanze na mtu, tena nitachagua mimi ni nani. Mama mmoja akakumbatia bakuli lake la makande. Mwalimu Nestori akanyoosha mkono kunituliza, akasema kwa sauti ile ya kufundishia kwamba sisi ni watu wa utaratibu, kamati imesema, basi yanunuliwe yale mawili ya dukani, na hili jeusi atalitunza yeye nyumbani kwake mpaka lipate mwenzake. Mpaka lipate mwenzake. Katika Mpanda nzima, na ukienda mpaka Mwese milimani, halikuwa na mwenzake, na yeye alijua.

Kuhusu Pasaka nitasema kwa kifupi kwa sababu hata leo nikiikumbuka naona kichefuchefu. Yale ya dukani yalitobolewa upya katikati yaingie kwenye miguu ya chuma. Wimbo wa kwanza nilipiga ngoma tu, nikiyagusa kwa woga. Wimbo wa pili, pale penye kupanda, pale nilipokuwa nimepangilia toka msimu wa ruba, nikapiga kwa nguvu zote. La kulia likajikunja juu kama mwavuli uliogeuzwa na upepo. La kushoto likachomoka, likaanguka, likasimama kwa ukingo wake, likabingirika kwenye njia ya katikati ya kanisa mbele ya watu wote, taratibu kabisa, mpaka kwenye viatu vya yule mtu wa studio. Akaliokota. Akalikwangua kwa ukucha, kama nilivyofanya mimi. Kisha akampa mtoto aliyekuwa karibu naye achezee, na mtoto akalivaa kichwani. Watu walicheka mpaka sauti ya kwanza ikashindwa kuimba. Kwaya nyingine ikachaguliwa. Mimi niliweka fimbo juu ya kiti nikatoka, nikaenda moja kwa moja nyumbani kwa Mwalimu Nestori kungoja toazi langu, na aliporudi akaniambia, bila kunitazama, kwamba kitu kilichokwisha kuwekwa mbele ya kamati ni cha kanisa.

Jumatatu nikamwomba mwenye mashine anikopeshe pumba, nikawauzia wafugaji wa Kisukuma walioingia na ng'ombe wao, na kuanzia hapo mengine mnayaona kwa macho, hayahitaji mimi kuyaeleza. Ninaeleza hili moja. Nimenunua matoazi. Kwaya ya hapa mjini niliwaagizia Dar es Salaam seti nzima, yamekuja kwenye mifuko yake ya zipu, yanang'aa kihalali. Siku ya kuyazindua nilikuwa mgeni rasmi, nikapewa fimbo nipige la kwanza. Yalilia vizuri, watu wakapiga makofi. Nikakaa kwenye kiti changu cha mbele nikisikiliza namna yanavyoisha, na yanaisha mapema.

Kwa hiyo siku ya msiba, watu walipokuwa wanangoja chakula, nikamfuata mjane, Mama Devota, pale alipokaa kwenye mkeka. Amezeeka, macho yamevimba. Nikampa pole tena, nikamwambia nakitaka kile cha kufunikia wali.

"Kile?" akasema. "Baba, wewe na mashine zako zote?"

Nikamwambia kilikuwa changu.

"Mwalimu alikileta akasema kitunzwe mpaka kipate mwenzake. Nikakaa nacho chini ya kitanda, mende wanazaana humo. Nikaona bora kifanye kazi. Kizito, mvuke hautoki. Kwaya zote zilizopita hapa zimekula wali wa kile."

Nikamuuliza kama Mwalimu hakusema kitu alipokiona jikoni. Akafikiri kidogo, akavuta khanga yake.

"Zamani alikuwa akija kunawa mikono anakigonga kwa kijiko. Mara moja tu, halafu anasimama anasikiliza. Mimi namwambia tunakula au tunasali. Baadaye akaacha. Nikamuuliza, mbona hukigongi tena? Akasema kimekufa, Mama Devota. Siku ile hakula."

Moto ndio uliokiua. Shaba ya namna ile ukiiwekea makaa kila Jumapili inalainika, inakuwa nyama. Yule mtu alifumba macho uwanjani, akanyamaza kwenye kamati, akaja kusimama jikoni kwake na kijiko kusikiliza kinavyokufa kidogo kidogo, na bado hakukitoa motoni. Nilitaka kuondoka. Badala yake nikatoa noti, nyingi, nikamwekea mkekani. Akazisukuma kwa nyuma ya mkono akasema wali haujaiva, watu hawajala, atafunikia noti? Nimletee cha kufunikia, nichukue hicho.

Nikapanda gari mpaka dukani pale senta. Binti wa duka akaniletea sufuria kubwa kuliko zote, nikamwambia mfuniko tu unanitosha. Akacheka.

"Mfuniko mmoja hauuzwi, mzee. Vinakwenda viwili."

Nikamtazama sana yule binti, mpaka akaacha kucheka. Nikalipa vyote viwili, elfu sitini na mbili na mia tano. Nikampelekea Mama Devota, nikangoja wali uive, nikapakia changu kikiwa bado cha moto, kwenye gunia. Njiani nikasimamisha gari, nikang'oa gunzi, nikakishika kwa kidole kwenye tundu nikakigonga kwa spana ya magurudumu. Kilisema ko. Nikajaribu ukingoni, nikajaribu kwenye kivimbe. Ko. Nikajipaka masizi mpaka kwenye shati, na harufu ya mafuta ya wali wa watu ikaingia kwenye viti vya gari langu na haijatoka mpaka leo. Nimekitundika ofisini, kwenye msumari, juu ya mizani. Mke wangu alipokiona alifunika pua, akaniuliza takataka hiyo nimeuziwa bei gani, na mimi ambaye sijawahi kumtajia mtu bei ya kweli ya kitu chochote nilichonunua, nikamwambia: shilingi elfu sitini na mbili na mia tano.